Chini ya Ngazi

Chini ya ngazi, nyumba nambari kumi na tisa,
Todmorden, mji uliobanwa na vilima na mvua,
lilikaa boila la Enid Ollerenshaw:
pipa la chuma, kutu mabegani,
lenye kikohozi cha mvuta tumbaku.
Saa nane ya usiku liligonga mabomba, ngo, ngo, ngo,
kama mdai aliyechoka kubisha kwa adabu.

Enid alilijua.
Teke moja ubavuni, chini kidogo ya kipimo,
si kali, wala si la mzaha,
kisha nusu mzunguko wa spana, kisha tusi.
Tusi lilikuwa la lazima.

Malcolm mwanawe hupiga simu kutoka Leeds kila Jumapili:
"Mama, hilo litakulipukia."
Naye humjibu jibu la mtaa mzima,
la muuza nyama, la kasisi, la foleni ya posta:
afadhali shetani unayemjua
kuliko yule usiyemjua.
Methali kule ni kama mwavuli,
kila nyumba ina wake mlangoni
na hakuna akumbukaye nani aliununua.

Sisi twasema kinyume,
na kinyume hicho ndicho kinikoseshacho usingizi:
zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Si wewe uliyelijua. Lenyewe ndilo likujualo.
Lajua mfupa upi una uboho,
lajua pa kukomea leo
ili kesho pawe na cha kula.

Wilfred, mumewe, alimjua hivyo.
Hakuwahi kumpiga
(hilo Enid hulisema kwanza, kabla hujauliza).
Alinuna tu. Wiki tatu, wiki nne,
kwa kijiko kilichowekwa upande usio wake,
kwa kofia ya kijani iliyonunuliwa Halifax bila ruhusa.
Enid akajifunza kukisoma kile kinuno
kama wengine wasomavyo gazeti:
leo ukurasa wa mbele,
kesho kurasa za ndani,
mtondo pengine pamepoa.

Mwaka wa sabini na nne Desmond Tansley,
mwoka mikate wa Whitby, unga hadi kwenye vifundo vya vidole,
alimwandikia barua ya mistari sita.
Chumba juu ya tanuri. Dirisha litazamalo bandari. Njoo.
Enid akafunga sanduku, akalisukuma mvunguni,
akaketi kitandani kuhesabu asiyoyajua:
Tansley hukoroma?
Akikasirika, mikono ile huiweka wapi?
Mikate hulipa kodi wakati wa baridi?
Ya Wilfred aliyajua yote, pamoja na tarehe zake.
Akashuka kumenya viazi.

Wilfred alikufa mwezi Machi, akiwa amenuna.
Sababu haikupatikana.
Sanduku liko palepale,
siku hizi hutunza taa za Krismasi.

Novemba boila likakata kauli.
Teke, spana, tusi,
hata tusi la pili, la akiba: kimya.
Akaja fundi, Kirsty Sugden,
miaka ishirini na minne, penseli sikioni,
akaling'oa vipande vipande kama jino bovu,
akatundika ukutani kisanduku cheupe
kisichoshinda kabati la vikombe.
Alianza saa tatu asubuhi.
Saa saba mchana alikuwa ananawa mikono,
anaulizia sukari.

Usiku ule nyumba ilikuwa na joto hadi pembeni,
hadi chumba cha nyuma ambako maziwa yaliwahi kuganda.
Saa nane Enid aliamka
kumsikiliza mgongaji asiyekuwepo.
Hakulia, msimdhanie.
Alikaa ngazini na gauni lake la kulalia,
nyayo zikiwa na joto, jambo geni kwa nyayo zile,
akafungua kiganja gizani, akahesabu:
nne, tano, sita, saba.
Vidole vinne.
Kidole gumba kilibaki bure.
Akahesabu tena, labda alikosea.
Muda wa saa nne,
na kikombe kimoja cha chai.