Kosa la Inchi Moja

Muthengi alikuja Jumatatu na pimamaji,
akailaza barazani, akafumba jicho moja,
akasema: nyumba hii imelewa.
Akacheka peke yake.

Hakukosea. Buruburu, Awamu ya Pili,
nyumba ya mwaka wa sabini na nane:
mawe ya mazeras yameinuka na kuzama
kama meno ya mtoto wa darasa la pili,
na mzizi wa jakaranda ya jirani
umepita chini ya ukuta bila kupiga hodi.
Madirisha ya chuma yalilia kutu kila masika;
michirizi ya kahawia ilishafika kwenye mita ya stima.

Nikatoa daftari.
Kabro nje. Kuta ziwe kijivu, kile cha siku hizi.
Silingi ya jipsamu, taa zijifiche.
Ukuta wa jikoni uanguke.
Pakee itoke, vigae viingie.

Mama, kitini, hakutia neno.
Miaka ishirini na saba kwenye swichibodi ya Posta,
akiunganisha Kisii na Mombasa,
wachumba na wadeni,
ilimfunza kusubiri mtu amalize.
Presha ya macho imemwachia mwanga wa pembeni tu,
upana wa mlango usiofungika vizuri.
Nikamwambia: itapendeza, utaona.
Ulimi hauna mfupa.

Wiki sita. Lori la mchanga likaziba njia,
Bwana Gachuhi wa pili akaja kufoka
akaondoka na mawe yetu ya zamani kwa toroli,
ya kuzungushia sukuma wiki yake.
Lusweti alikwangua sebule:
chini ya krimu, kijani;
chini ya kijani, waridi.
"Umefika kwenye waridi," mama akasema kutoka chumbani.
Nikauliza amejuaje.
"Baba yako aliipaka nyembamba. Sikiliza."

Siku ya mwisho pimamaji ikalazwa tena.
Kiputo kikatulia katikati, kama kiini cha yai.
Nikamtumia dada picha, Doha.
Akarudisha mioyo saba.

Asubuhi yake nikamkuta mama barazani,
kikombe mkononi, chai imepoa,
mguu mmoja hewani
ukitafuta inchi moja iliyokuwa pale.
Nikamkimbilia. "Usinishike.
Niambie tu, hapa ni kwa nani?"

Ndipo akanisomea nyumba niliyoibomoa:
jiwe lililozama kushoto, toka hapo hatua mbili, mlango;
kipande cha pakee kilicholia *ko*, hapo geukia jikoni;
mlango wa choo uliokwaruza sakafu,
ukinyamaza, umefunga.
"Ulikuwa unanitengenezea, najua.
Lakini umenikatia laini zote."

Nikampigia Muthengi.
Nataka kosa, nikasema.
Kimya. Nilisikia nyundo za kazi nyingine, mbali.
"Nikosee?"
Kosea. Inchi moja, upande wa kushoto.
"Hiyo ina bei yake, dada. Kunyoosha nimezoea."

Jiwe lenyewe tulilitoa kwa Gachuhi,
kati ya sukuma na dania.
Alitaka tulinunue. Tukalinunua.
Mama alilikanyaga mara tatu, peku,
akasema bado; Muthengi akachimba;
akasema umezidisha; akajaza kwa kiganja;
jua likatupata tukiwa wanne tumeinamia jiwe moja
na mjini watu wanajenga ghorofa.
Kipande cha pakee kikachomekwa kati ya vigae,
bila gundi. Kinaonekana kama kiraka cha shule.
Dada hakupeleka moyo wowote kwa picha hiyo.

Mlango wa choo ulinishinda. Umenyooka, haukwaruzi.
Mama huufunga, huusukuma, huufunga tena,
na mimi husimama ukumbini na kujifanya sisikii.

Wageni husifu rangi. Husifu taa.
Kisha wakitoka kwenye kabro kuingia
hujikwaa, kila mmoja, upande wa kushoto,
na kabla hawajabisha
sauti huwafikia kutoka kitini:
"Nani huyo? Ingia, laini iko wazi."