Ratili Arobaini na Saba

Julai ghala la Tandahimba halina kitu,
harufu ya magunia tu, na popo,
na mimi, mpima ubora asiye na cha kupima,
nanoa kisu kwa mazoea.

Somoe akaingia na karatasi imekunjwa mara nne.
Hakuketi.
"Mjomba, wewe hukata korosho chache
ukalijua gunia.
Nikate na mimi. Udaktari nitachaguliwa,
au nisijisumbue?"

Biolojia A. Kemia B. Fizikia C.
Divisheni wani, pointi sita:
nyumbani tulichinja jogoo.
Lakini yeye ana daftari, na humo amepiga hesabu zake:
kiti kimoja, waombaji kumi na tisa,
na katika hao, anasema, saba wana A tatu zilizonyooka
na shule zao hata asiyesoma anazijua kwa majina.

Nikafungua droo,
nikatoa mfuko wa sampuli, masalia ya msimu uliopita.
Nikapasua ya kwanza mbele yake: nyeupe, imejaa.
Ya pili nyeupe.
Ya tatu ina doa.
Tukanyamaza wote wawili juu ya ile ya tatu.

Najua C ile ilikotoka.
Mwalimu wa Fizikia alihama wakiwa kidato cha tano;
aliyekuja baada yake alikaa wiki sita,
maji ya Newala yakamshinda, akaondoka.
Fomu ya udahili haina safu ya kuandika hayo.
Yangu pia haina.
Naandika unyevu, naandika ukungu, naandika ratili;
siandiki kwamba Mzee Nampota hakupuliza salfa mwaka ule
kwa sababu pesa ya salfa ilimzika mkewe.
Ningeandika wapi?

Miaka ishirini na mbili nakata.
Nimewahi kulishusha daraja gunia zuri
kwa kuwa mkono wangu ulichota pembeni, penye unyevu.
Nimewahi kulipitisha bovu.
Haya sijamwambia mtu. Namwambia Somoe,
naye ananisikiliza kama daktari,
bila kunihurumia.

"Sawa, lakini namba," anasema. "Nipe namba."

Nikampa: "Arobaini na saba."

Akacheka, maana amekulia kwenye korosho.
Arobaini na nane haiulizwi.
Arobaini na nne haijibiwi.
Arobaini na saba ndiyo ile wanayoigombea mnada ukichangamka,
na mnada ukilala wanaipita kama hawakuiona,
na korosho ni ileile.

Hakuipenda. Hata mimi sikuipenda.
Nilitamani kusema "utapata, mwanangu", kama majirani,
ambao neno lao halijawahi kupanda mzani.

Akakaa sasa, juu ya gunia tupu.
Akajaza chaguo la pili, uuguzi,
la tatu, maabara,
mwandiko ukipungua kila mstari.
La kwanza hakulifuta.

Kisha akataka namba ya kitambulisho cha mama yake,
kwa ajili ya mkopo.
Dada yangu Fatu alibangua korosho kulipa ada;
mafuta ya ganda yakamla alama za vidole.
Siku ya kuandikishwa nilisimama naye foleni:
mashine ikakataa gumba la kulia, ikakataa la kushoto,
ikakataa cha shahada.
Kijana wa mashine akasema, mama, njoo kesho.
"Kesho nitakuwa na vidole vingine?" akamuuliza,
na kabla hajajibiwa akabonyeza kile kidogo, cha mwisho.

Namba ile naijua kwa kichwa.
Nikamsomea Somoe, tarakimu moja moja,
naye akaziandika
akirudia kila moja kwa sauti,
mle ghalani, na popo juu yetu.