Hesabu ya Kulabu

Saa nane ya usiku sista Mbeyu aja tena,
kishupa mkononi, kifuniko cha kijani.
"Mzee Shee, damu kidogo."
Kidogo, kidogo, tangu juzi.
Hata kupe hushiba.

Namuuliza waitafutia nini.
Asema moyo ukiumia hauna siri:
nyama yake ikifa huvuja vimeng'enya,
na troponini, jina kama la meli ya Wagiriki,
vikaingia damuni, mashine ya maabara ikavihesabu.

Hapo nikaelewa.

Miaka thalathini na mmoja nalikuwa karani Kilindini,
kalamu sikioni, daftari kwapani,
kabla makontena hayajatula.
Sukari yaja kwa magunia. Hufungui gunia
kujua limepasuka. Watazama sakafu.
Mstari mweupe toka gatini hadi bohari,
na siafu ndio mashahidi.

Lakini kulikuwa na kulabu.
Kila kuli na kulabu yake, kila kulabu na tundu lake.
Gunia halipandi bila kudungwa.
Basi tukawa na kipimo: kilo kadha katika mia
ni za kulabu, haziandikwi, hazimshtaki mtu.
Zikizidi hapo, simamisha winchi,
shuka ngamani mwenyewe na taa.

Namwambia Mbeyu: Daktari Bashrahil kanipasua kifua,
kausimamisha moyo kama winchi saa ya chakula,
kachuna mshipa mguuni mwangu
akaushona juu huko, njia ya mchepuko,
Dongo Kundu ya mtu mmoja.
Yeye naye si kulabu?
Mtajuaje aliyemwaga,
maradhi, au mkono wa tiba?

Akakitua kishupa.
Ndiyo mara ya kwanza anitazame usoni, si mkononi.
"Ndiyo maana hatupimi mara moja," akasema.
"Hesabu ya kulabu hupanda, kisha hushuka."

Na ile nyingine?

Akaanza kuifunga ile kamba ya mpira.

Jana asubuhi ilikuwa juu. Magharibi, juu zaidi.
Mishi hajui. Nimemwambia wapima sukari,
na kwa karani wa gati namba tano
huo si uongo mzima.

Haya, chukua, mwanangu. Mkono huu hapa,
tafuta mshipa uliosalia.
Majibu, wasema, kabla ya adhana.
Mimi nalala macho wazi,
natazama sakafu.