Tiketi Haina Makali

Mwalimu Kashindye aliandika ubaoni neno moja,
KATA,
akapangusa chaki kwenye suruali:
tungeni sentensi kumi, maana zisifanane.
Kisha akaenda kupiga soga na mwalimu wa zamu.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi. Mama anakata mchicha.
Ya pili: tunaishi kata ya Isevya.
Ya tatu: bibi ana kata ya majani ya mgomba kichwani,
juu ya kata ndoo, na ndani ya ndoo
kata nyingine, ya kuchotea.
(Nilitaka hiyo ihesabiwe mbili. Alikataa.)

Ya nne niliijua kuliko darasa zima:
Baba anakata tiketi stesheni.

Zamani nilidhani ana mkasi,
mkubwa, kama wa mshona mahema;
kwamba treni hufika Tabora ikiwa nzima, imechoka,
naye huikata vipande:
haya mabehewa ya Mwanza, haya ya Kigoma, haya ya Mpanda.
Siku niliyotumwa kumpelekea ugali
nilichungulia dirishani kwake.
Kalamu iliyofungwa uzi. Mhuri.
Na kile chuma cha kugongea tarehe,
kinacholia kama mtu anayetafuna karanga na maganda yake.
"Baba, mkasi uko wapi?"
"Wa nini? Kwani mimi fundi cherehani?"
Foleni yote ikacheka. Na mimi nikacheka, kwa kuchelewa.

Nyumbani kulikuwa na sentensi ambazo sikuzipeleka shule.
Umeme umekatwa.
Shangazi amekata mguu, tangu ule ugomvi wa magunia ya tumbaku.
Baba anakata maji, na maji yenyewe si ya bomba.
Mama anakata simu mlango ukilia.
Wajomba walikuja kutoka Urambo kukata shauri.
Wakakata kuku.
Shauri wakaliacha mezani pamoja na mifupa.

Mama ndiye aliyelikata, Jumatano ya wiki ileile.

Alipanga foleni kama abiria yeyote.
Mbele yake mtu na madumu mawili ya asali,
nyuma yake mama mwenye mtoto wa kikohozi,
na mimi pembeni, nimeshika kona ya begi.
Alipofika dirishani hakusema Misigalo,
hakusema baba Kulwa.
Alisema, "Mpanda. Daraja la tatu. Mmoja."
"Kwenda na kurudi?"
"Kwenda."
Baba akaandika. Akagonga tarehe.
Akahesabu chenji, akairudia kuihesabu,
akaisukuma chini ya nondo bila kuinua macho.

Kwa hiyo siwezi kusema mama aliondoka tu.
Baba ndiye aliyemkatia.

Ijumaa, darasani, nilikuwa nimebakiza sita.
Nikajaza za kwenye kitabu:
kata tamaa, kata rufaa, kata kiu,
kata mbuga, kata roho, kata kona.
Nikapata nane kwa kumi.
Ile ya mchicha alinipa alama yote,
hakuona kosa kwenye "anakata".

Sasa chaki ninayo mimi, na shule ni ileile,
bati jipya, popo walewale.
Watu wanakata tiketi kwa simu,
na simu yenyewe inakatika ukishafika Kaliua.
Kila mwaka nikilifikia neno hili nawapa na nduguze:
katia, katisha, katwa, katana.
Kwenye katika mkono hupungua kasi.
Ni la kamba iliyoachia,
na ni la kuwa ndani ya kitu,
herufi zilezile sita, hakuna hata nukta ya kuzitenganisha.

"Mwalimu, hapo umeandika lipi?"
Mtoto wa dawati la nyuma, Nkamba, haachi kuuliza.

Tungeni sentensi, nawaambia.
Natoka nje kidogo.