Daftari la Vipimo

Konde, duka la tatu ukitoka msikitini.
Nimekuja na kinasa sauti, na fomu:
jina, umri, siku, nani aliona.
Fundi Shaame anaigeuza mbele na nyuma
kama anayetafuta kasoro kwenye kitambaa.
"Hamna mahali pa bega," anasema.

Analowesha kidole. Anafunua lake.

Ngwali Faki. Bega kumi na nane, mkono ishirini na tatu.
Kanzu ya Idi. Kalipa nusu.
Pembeni, kwa wino mwengine: hakuja.

Kanzu iko msumarini bado,
imeshika vumbi mabegani
kama mtu aliyetoka safari.

Chumu, wa Bi Time. Kiuno ishirini na mbili.
Suruali ya skuli. Pindo liwe refu, mamake kasema,
mtoto mwaka huu anakimbilia juu.
Imechukuliwa Alkhamisi.

Hapa kidole kinasimama.
Kanda inazunguka peke yake.

"Waliwalaza nyuma ya ghala la karafuu,
juu yao majani ya mgomba.
Mwenye bunduki akanambia: fundi,
wewe unavisha mji mzima, yupi wa hapa?
Ukimtaja, wanauliza na nyumba.
Mguu mmoja ulitokeza.
Pindo la inchi tatu, uzi wa kijani,
maana wiki ile mweusi uliniishia.
Nikasema simjui."

Charahani ya jirani inanyamaza, inaanza tena.

"Andika na hilo. Simjui. Kwa jina langu.
Kazi yangu miaka yote kuficha uchi wa watu,
na mficha uchi, mwanangu, hazai."

Natafuta mstari. Fomu ina nani aliona,
haina nani aliona akakana.
Naandika ukingoni, herufi zikipandana,
hadi karatasi inaniishia.

Nafunga begi. Ananiuliza nalala wapi.
Micheweni, namwambia, kesho Wete,
kuna wengine wa kuwauliza.

"Simama mlangoni, penye mwanga."

Utepe unapita begani, unashuka mkononi.
Sikuagiza nguo.
Anaandika jina langu, la baba, la babu,
nambari mbili,
kisha pembeni anaacha nafasi
ya neno moja.