Stakabadhi

Nimetia saini pale aliponionyesha Sista Wiltrudi,
herufi zangu zimelala ovyo kama mihogo iliyong'olewa,
kisha mlango wa kioo cha ukungu ukamchukua Somoe.
Kandambili zake nimebaki nazo mimi.
Moja imeungwa kwa waya.

Tumeshuka mlima wa Newala kwa gari la kubebea korosho,
yeye juu ya magunia matupu, kichwa pajani mwangu,
na kila kona dereva anasema, "Tunafika, mjomba, tunafika,"
kama anayembembeleza mtoto asiye wake.
Masasi imelala. Chikundi imelala.
Mbwa mmoja tu alitubwekea, nami nikamshukuru:
kumbe yupo aliye macho.

Sasa benchi la Ndanda, na harufu ya dawa ya kudekia.
Saa ya ukutani imesimama saa nne na robo,
ya siku gani, sijui.
Nimejaribu Ayatul Kursiyu.
Mimi, niliyeisoma kwa Maalimu Mnali mpaka fimbo ikachoka,
nafika pale penye hashikwi na usingizi wala kulala,
nakwama.
Narudi mwanzo. Nakwama palepale.

Jandoni walitufundisha kutolia.
Hakuna aliyetufundisha kungoja.

Mwezi wa kumi nilipeleka magunia sita ghalani.
Karani akapima, akaandika, akanikatia kikaratasi.
Bei? Bado, mzee, mpaka mnada.
Nikakikunja kile kikaratasi, nikakitia kwenye kofia,
nikaenda nyumbani nikalala fofofo.
Magunia sita! Palizi, salfa machoni,
mgongo wa Somoe ulioinama kuokota tangu alfajiri,
nimemwachia mtu nisiyelijua hata jina la babaye,
na nikakoroma.

Wewe nakujua.
Umenipa mvua, umeninyima mvua.
Ulimchukua Hanifa akiwa na siku tisa
nikakununia msimu mzima, msikitini nikaingia kwa kuonekana tu,
na kila asubuhi ukaniamsha vilevile,
bila kunikumbusha deni.

Basi nimekuletea huyu, na alichobeba.
Kwako hakuna mizani, hakuna karani,
hutoi risiti.
Bei siijui wala sijui mnada ni lini.
Siwezi kukudanganya kwamba siogopi,
itazame mikono hii, inatetemeka kama ya mlevi wa ulaka.
Lakini nimekabidhi.
Mzigo umeshuka kichwani,
shingo ndiyo bado inauma.

Sista katoka mbio. Damu, anasema, kundi lako lipi?
Mtu wa Mnyambe atajuaje kundi lake?
Wamenichoma kidole, wakanong'onezana, inafaa.
Nimelazwa, mkono wazi, mfuko unajaa polepole,
mweusi kuliko nilivyodhani.
Nilidhani kumtegemea Mungu ni kukaa kimya na kusubiri,
kumbe naye ananijia na sindano.
Midomo ya Sista inachezacheza, anasali kwa namna yake.
Sikumwuliza anamwambia nini.
Nilimwomba tu asinyamaze.

Alfajiri. Kengele upande huu, adhana kwa mbali upande ule,
zinapishana bila kugombana.
Nimekaa tena kwenye benchi, pamba mkononi,
na ghafla nyuma ya kioo kitu kimelia,
kwa hasira, kama kifaranga kilichokanyagwa.
Nimesimama. Nimekaa. Nimesimama.
Mtoto, ndiyo. Na mama yake?
Hakuna aliyetoka kuniambia.

Nimeanza tena ile aya.
Hashikwi na usingizi wala kulala.
Nimekwama palepale, na safari hii sikurudi mwanzo.
Nimebaki hapo hapo, nikapaona panatosha kukalia.

Kisha nimezifuta kandambili kwa pindo la shati,
nikakaza ule waya,
nikaziweka mlangoni, jozi,
ncha zikitazama nje,
kama za mtu anayetoka.