Kwa Penseli, Mwishoni mwa Kitabu

Gundi hukauka kwa saa mbili.
Hapo ndipo nisomapo,
ghorofa ya pili, Barabara ya River,
juu ya duka la betri na redio,
riwaya ya mtoto wa watu ikiwa wazi magotini
na nyingine chini ya jiwe.

Nimezijalidi nyingi, hizi za majoka na mataji.
Huja zimevunjika mgongo, zimelowa chai,
zimepita mabweni matatu kabla ya kunifikia.
Najua walipolia:
ukurasa huo hulegea wa kwanza.

Basi nisemeje? Nitasema.
Nimemchoka msichana wa miaka kumi na sita
mwenye jicho moja la kijani na moja la dhahabu,
asiyejua kuwa ni mzuri
ilhali tangu ukurasa wa tatu kila mtu anamwambia.
Anakimbia msituni siku tisa,
hali chakula, haendi haja,
nywele zake zanukia asumini.
Mimi nikipandisha ndoo ya maji ngazi hizi mara mbili tu
nanuka hadi Jumatano.

Wavulana ni wawili. Daima wawili.
Mmoja mpole, anajua kuoka mkate.
Wa pili alimtisha kwa kisu,
na huyo ndiye atakayependwa.
Hapo huweka kitabu chini nikamenya chungwa.
Mwanangu, mtu aliyekuwekea kisu shingoni
hana siri tamu.
Ana kisu.

Utabiri nao! Una miaka elfu,
na hakuna hata karani mmoja aliyeuliza
kwa nini wateule wote hutoka nyumba moja.
Sisi huku tunawajua wateule wa namna hiyo.

Ramani, hapana, ramani nazipenda.
Zikichanika nazibandika taratibu,
mto usije ukapishana na mto.
Ingawa hakuna hata moja iliyonionyesha
anakoishi yule anayefua damu kwenye nguo za askari.

Cha kwanza naletewa kumi, cha pili vinne.
Cha tatu sijawahi kukishika.
Kwa hivyo sijui kama mfalme mwovu alishindwa.
Nadhani alishindwa.
Huko, wao hushindwa.

Haya yote niliyaandika kwa penseli
kwenye zile kurasa mbili tupu nizitiazo mwishoni
kulinda jalada. Kitabu cha Nasieku wa Pangani,
kile kile, mara ya tatu kuniletea.
Nikamalizia kwa linaloniudhi kupita yote:
Mbona mama hufa sura ya kwanza?
Hamwezi kuondoka nyumbani akiwa hai?

Akakirudisha Agosti, mgongo umeachia tena.
Chini ya mwandiko wangu, wake,
mdogo, umeinama kama unaokwepa mvua:

Bi Mjalidi, ya kisu umesema kweli.
Jicho la kijani niachie.
Mama yangu hajafa. Yuko Doha, mwaka wa sita,
analea watoto wa watu, hupiga simu Ijumaa.
Kitabu cha hivyo sijakiona.
Hawa waliofiwa ndio wa karibu karibu.

Nilikaa mpaka gundi ikafanya ngozi kwenye kopo.
Chini, mtu alikuwa akijaribu redio,
akizungusha stesheni moja hadi nyingine,
kila moja akiiacha katikati ya neno.

Nimekishona upya kwa uzi wa nta,
mishono miwili pale palipozoea kulegea.
Bei ile ile, shilingi mia mbili.
Kurasa tupu, safari hii, nimetia kumi na sita,
na katikati yake penseli
niliyoichonga ncha zote mbili.